Gari Jipya na Usukani Mzito: Kasoro Ikifichwa, Nani Aibebe?



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, tumeombwa mara kadhaa na majirani zetu wa hapa Buyenzi, Bujumbura, tuandike habari ya gari letu na usukani wake, kwa sababu kila mtu ameisikia kwa namna yake. Wapo waliosikia kwamba gari lilipinduka Bugarama. Wapo waliosikia kwamba tuligombana na muuzaji mpaka tukaacha kusali msikiti mmoja. Alhamdulillah, hakuna gari lililopinduka wala hakuna aliyehama msikiti. Lakini katika jambo hili tumepata mafunzo, mengine ya ufundi na mengine ya dini, na tumeona si vizuri kukaa nayo peke yetu, kwani mwaka haupiti bila familia fulani kati yetu kununua gari.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Hapa kwetu mtu akisema amenunua gari jipya, mara nyingi hakusudii gari lililotoka kiwandani jana. Anakusudia gari lililoshuka melini Dar es Salaam, likavuka mpaka wa Kobero, na halijawahi kuendeshwa katika barabara za Burundi. Ni jipya kwa nchi na jipya kwa mwenye kulinunua, lakini lina miaka yake na lina siri zake. Na hata lililotoka kiwandani kweli halina kinga. Mwezi wa Machi 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza kuyaita magari zaidi ya milioni 1.3 kwa ajili ya kasoro hii hii, ya usukani wa umeme kupoteza nguvu ghafla. Kwa hiyo tusidhani ni balaa la magari ya mtumba peke yake.

GARI LENYEWE

Tulilinunua mwezi wa Februari 2023, wiki chache kabla ya Ramadhani, kwa akiba ya miaka sita na mkopo usio na riba kutoka kwa ndugu. Ni gari dogo la Kijapani, usukani wake uko kulia kama magari mengi ya hapa mjini, ingawa sisi Burundi tunapita upande wa kulia wa barabara. Mwenye kulitumia zaidi ni mama watoto, ambaye anafundisha shule upande wa Kanyosha na njiani huwashusha watoto.

Kabla ya kulipa tulimpeleka fundi akalikagua. Injini nzima, gia nzima, breki nzima, bodi haina kutu. Usukani ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mtoto wetu wa miaka saba aliuzungusha kwa mkono mmoja akicheka. Tukalipa, tukapewa funguo na risiti. Chini ya risiti palikuwa na mhuri wa wino mwekundu: kitu kikishauzwa hakirudishwi. Risiti karibu zote za mjini zina maneno hayo, na watu wameyazoea.

Mwezi mzima wa Ramadhani gari lilikwenda vizuri. Baada ya Idi, mwezi wa Aprili, tukaondoka wote kwenda Gitega kumwamkia bibi yao watoto.

NJIA YA BUGARAMA

Aliyewahi kupita barabara ile haihitaji kuelezwa. Ziwa Tanganyika liko kwenye mwinuko wa mita 770 hivi, na Bugarama iko juu ya mita 2,000, kwa hiyo ukitoka huko juu unashuka kona baada ya kona, upande mmoja mlima na upande mwingine bonde. Vijana wa baiskeli hupanda kwa kushikilia nyuma ya malori, kisha hushuka na mikungu ya ndizi kama mishale. Dereva hana nafasi ya kusitasita.

Katika safari ya kurudi mama ndiye aliyekuwa anaendesha. Tulikuwa tumeliacha soko la mboga la Bugarama nyuma yetu kwa muda mfupi tu. Tukaingia kona kali ya kushoto kwa mwendo mdogo, nyuma ya lori. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Usukani umekataa." Baba akanyoosha mkono kutaka kusaidia, naye akamwambia, "Uache, ninao." Akaushika kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu zake zote, akapunguza mwendo zaidi, na kona ikaisha tukiwa ndani ya upande wetu kwa kiasi cha shubiri moja. Akawasha taa ya pembeni, akasimamisha gari palipokuwa na nafasi. Kiti cha nyuma watoto wote watatu walikuwa kimya, na hilo si kawaida yao.

Hakuna taa yoyote iliyowaka kwenye dashibodi. Hili tuliliona pale pale na tukaliona ni la ajabu. Tulizima injini, tukakaa kama dakika kumi, tukawasha. Usukani ukawa mwepesi tena kana kwamba hakuna lililotokea. Tukashuka polepole, na kabla hatujafika mjini ukawa mzito mara mbili nyingine. Usiku ule ule baba alimpigia simu muuzaji akamweleza, na tangu hapo gari likaegeshwa uani.

USUKANI UNAVYOFANYA KAZI

Ndugu msomaji, kwa faida ya wanafunzi tueleze kidogo. Gari bila msaada linaweza kukatwa kona, ila kwa nguvu nyingi, hasa likiwa limesimama au linakwenda polepole. Ndiyo maana watu wakabuni msaada wa kusukuma pamoja na dereva. Gari la kwanza la kuuzwa kwa watu likiwa na msaada huo lilikuwa Chrysler Imperial ya mwaka 1951, na msaada wenyewe ulikuwa wa mafuta: pampu inazungushwa na mkanda wa injini, mafuta yanasukumwa kwa nguvu, nayo yanasukuma magurudumu. Mwaka 1988 Suzuki ikatoa gari dogo lenye msaada wa umeme, na leo magari madogo mengi ni ya namna hiyo. Hayana pampu wala mafuta ya stelingi. Kuna mota ya umeme, mara nyingi chini ya dashibodi kwenye mhimili wa usukani. Kuna sensa inayopima dereva anazungusha kwa nguvu kiasi gani na upande gani. Na kuna kompyuta ndogo inayoiamuru mota isaidie.

Sensa ikitoa habari zisizoaminika, kompyuta haithubutu kuendelea, kwani mota ikikosea inaweza kuuvuta usukani upande asioutaka dereva. Kwa hiyo inakata msaada na kuwasha taa ya onyo. Usukani haukatiki, bado umeungana na magurudumu kwa chuma, ila uzito wote unarudi mikononi mwa dereva. Ukizima injini na kuwasha, kompyuta inajipima upya, na kama wakati huo sensa inasoma sawa, msaada unarudi. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika wakaona kasoro imepona yenyewe.

KILICHOKUTWA NYUMA YA DASHIBODI

Buyenzi yetu inajulikana mji mzima kwa gereji zake, na katika hili Mwenyezi Mungu alitupa jirani ambaye ni fundi mzee pamoja na mtoto wake aliyesomea elektroniki. Walianza na betri. Hilo lilitushangaza, lakini mzee alieleza kwamba mota ya usukani hula umeme mwingi sana, na betri ikiwa dhaifu au waya wa ethi ukiwa na kutu, msaada hupungua. Watu wengi wamebadilisha mitambo ya bei kubwa kumbe tatizo ni kichwa cha betri kilicholegea. Betri yetu ilipimwa injini ikiwa imezimwa ikatoa volti 12.6, na injini ikiwaka ikafika volti 14. Fyuzi nzima, waya mzima.

Kisha yule kijana akamwambia baba, "Mzee, fungua swichi bila kuwasha injini, tuzihesabu taa." Taa za dashibodi zote huwaka kwa sekunde chache swichi inapofunguliwa, halafu huzimika moja moja. Hivyo ndivyo gari linavyoonyesha kwamba taa zenyewe ni nzima. Ya injini iliwaka. Ya oili iliwaka. Ya breki iliwaka. Ya mfuko wa hewa iliwaka. Ya usukani haikuwaka.

Wakaitoa dashibodi. Nyuma ya alama ya usukani palikuwa pamebandikwa kipande cha tepu nyeusi, kimekatwa vizuri kwa mkasi, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Gundi yake ilikuwa imekauka na vumbi limejaa pembeni mwake. Fundi mzee alisema tepu hii haikubandikwa juzi wala mwezi uliopita. Wakaunganisha mashine ya kupima, ikatoa kosa la sensa ya usukani.

Tulikaa kimya kidogo. Sensa kuharibika ni kazi ya Mungu, kila kitu huchakaa. Lakini tepu ilibandikwa na mkono wa mtu, na mtu huyo alijua. Aliiona taa, akajua maana yake, akaona ni afadhali izimwe kuliko kasoro itengenezwe, na ambaye angekuja kuushika usukani ule hakumfikiria.

USHAURI TULIOUKATAA

Habari zilipoenea, ndugu mmoja wa karibu alikuja kutushauri, naye nia yake ilikuwa kutuokoa na hasara. Alisema, "Tepu irudisheni mahali pake. Osheni gari, lipelekeni Ngozi, mpate mnunuzi wa haraka. Akijaribu mjini hatagundua kitu. Ninyi mlilinunua hivyo hivyo, basi liuzeni hivyo hivyo."

Hatutasema maneno yale hayakuingia masikioni. Fedha za miaka sita zilikuwa zimelala uani. Lakini binti yetu mkubwa, anayesoma sekondari, alikuwa analeta chai, akauliza kwa adabu, "Ami, na huyo atakayelinunua, watoto wake watapita barabara gani?" Ami hakujibu. Alikunywa chai yake, akabadilisha mazungumzo, na shauri lile halikurudi tena nyumbani kwetu.

Tepu tuliiweka katika bahasha. Taa ikaachwa wazi, na kila swichi ilipofunguliwa ikawa inawaka rangi ya njano kama inavyotakiwa.

KWA MUUZAJI NA KWA SHEHE

Muuzaji ni ndugu yetu Mwislamu na tunasali naye. Tulimwendea na bahasha, fundi mzee akiwa shahidi. Aliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hakujua, kwamba gari alilipokea kutoka Dar es Salaam kama lilivyo, na kwamba tepu inaweza kuwa imetoka Japani. Tulimwamini, na mpaka leo tunamwamini. Lakini aliongeza kwamba kwa kuwa hakujua, hana la kulipa, na akauonyesha mhuri wa risiti. Hapo ndipo sauti zikapanda kidogo, na hapo ndipo baadhi ya watu walipopata habari za kugombana.

Tulikubaliana pande zote mbili tusipelekane mbali kabla ya kumwuliza shehe wetu. Alitusikiliza sote mpaka mwisho, kisha akaeleza mambo matatu, nasi tunayaandika kama tulivyoyafahamu.

La kwanza, kasoro iliyokuwamo kabla mnunuzi hajakabidhiwa mali, inayopunguza thamani yake, na ambayo mnunuzi hakuijua, inampa hiari: akitaka atarudisha mali na kuchukua fedha zake, akitaka atabaki nayo. Kutojua kwa muuzaji kunamwondolea dhambi ya udanganyifu, lakini hakumwondolei mnunuzi haki yake. Haya ni mambo mawili na watu huyachanganya.

La pili, katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu tunaifuata, maneno ya kwamba kitu kikiuzwa hakirudishwi hayawezi kumkinga mwenye kuuza gari na kasoro iliyokuwa imefichika ndani yake. Mhuri ni wino tu.

La tatu lilitugusa sana. Alisema haki hiyo ya kurudisha ni ya papo kwa papo. Mnunuzi akishaijua kasoro anatakiwa atoe habari bila kuchelewa na aache kukitumia kitu, kwani kuendelea kukitumia ni dalili ya kuridhika nacho. Muuzaji akauliza, "Mbona waliliendesha kutoka Bugarama mpaka mjini?" Shehe akatabasamu. Akasema wanachuoni waliliona jambo hili karne nyingi kabla ya magari, wakamzungumza mtu aliyenunua mnyama wa kupanda akamkuta na kasoro. Anatakiwa ashuke asimpande. Lakini ikiwa mnyama ni mkaidi, ni taabu kumwongoza kwa kamba na taabu kumswaga, basi ana udhuru wa kumpanda ili amrudishe. Shehe akamwambia, "Na huyu mnyama wao alikuwa haongozeki hata kwa usukani." Muuzaji mwenyewe alicheka, na kikao kikawa chepesi.

Kisha akatukumbusha kisa ambacho wengi wetu tumekisoma madrasa, kilichomo katika mapokezi ya Imamu Muslim: jinsi Mtume wetu (s.a.w.) alivyopita sokoni, akaingiza mkono wake katika lundo la nafaka, akakuta chini kumelowa na juu kukavu. Mwenye mali akasema ni mvua iliyonyesha, na Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka juu iliyolowa ili watu waione. Shehe alisema mvua haikuwa kosa la yule mfanyabiashara. Kosa lilikuwa kuifunika.

SULUHU NA MATENGENEZO

Baada ya hapo muuzaji, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alikubali kurudisha fedha. Lakini wakati tunazungumza, mwezi wa Mei 2023, Benki ya Taifa ilishusha thamani ya faranga. Faranga zile zile tulizolipa Februari zisingeweza tena kununua gari lile lile. Naye muuzaji alikuwa ameagiza kwa dola, angelipokea gari bovu na mtaji umepungua. Sote wawili tulikuwa tunakwenda kuumia, na hakuna aliyekuwa amemdhulumu mwenzake.

Kwa hiyo tukapatana. Sisi tutabaki na gari kwa hiari yetu. Yeye atagharamia kifaa, usafiri wake, na kazi ya fundi. Mpaka litengenezwe, kijana wake atawapeleka watoto shule asubuhi. Na kasoro hiyo ikirudi ndani ya miezi sita, analichukua gari na kurudisha thamani tutakayokubaliana mbele ya mashahidi. Yote yaliandikwa, tukatia sahihi, mashahidi wawili wakatia sahihi. Mjue kwamba wanachuoni wana maelezo marefu juu ya suluhu na fidia za namna hii na kauli zao hazikuwa moja. Mwenye jambo lake amwulize mwenye elimu aliye karibu naye, asichukue mfano wetu akaufanya fatwa.

Kifaa kilipatikana Dar es Salaam, mhimili mzima wa usukani pamoja na mota na sensa yake, kilichotolewa katika gari la namna ile ile. Namba ya kibandiko ililinganishwa herufi kwa herufi kabla ya kulipwa, kwa sababu magari mawili ya sura moja yanaweza kuwa na kompyuta tofauti. Kilikuja kwa basi. Mafundi wetu waliondoa waya wa betri na kusubiri kabla ya kugusa usukani, kwani ndani yake mna mfuko wa hewa unaoweza kulipuka usoni mwa fundi mwenye haraka.

Baada ya kufungwa, gari likawa linavuta kidogo kushoto. Tulidhani tumeuziwa kibovu kingine. Yule kijana akasema subirini, sensa mpya haijajua katikati ni wapi. Akanyoosha magurudumu, akaunganisha mashine, akaifundisha sifuri yake. Kuvuta kukaisha. Kazi hiyo ilichukua dakika chache, lakini bila yeye kusoma, nyundo na spana za Buyenzi nzima zisingeimaliza. Wanafunzi wetu wasomao elektroniki mkidharauliwa kwamba hamchafuki mikono, jibu ndilo hilo.

Miezi sita ilipita na usukani haukurudia. Mpaka leo tunapoandika gari linafanya kazi. Mhuri wa "hakirudishwi" bado umo katika risiti za muuzaji wetu, tumeuona. Lakini sasa mteja akija, yeye mwenyewe humwita, hufungua swichi, na huzihesabu taa mbele yake.

YA KUANGALIA

Kwa familia inayotaka kununua gari, tunaomba mzingatie haya.

1. Fungua swichi bila kuwasha injini, uzihesabu taa. Taa ya onyo isiyowaka wakati huo ni ya kutiliwa shaka kama ile inayowaka wakati wote. Taa ya usukani ni alama ya usukani yenye mshangao pembeni, au herufi EPS, au P/S.

2. Injini ikiwaka, zungusha usukani mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto, mara kadhaa, ukiwa umesimama. Uzito uwe sawa pande zote. Kisha liendeshe mpaka lipate joto, kwani kasoro nyingi za umeme hazijitokezi gari likiwa baridi.

3. Kama ni usukani wa mafuta, angalia kiasi cha mafuta katika kikopo chake, na sikiliza. Mlio wa kulia unapokata kona mara nyingi ni mafuta kupungua au pampu kuchoka. Tumia mafuta yaliyoandikwa katika kitabu cha gari, kamwe usiweke ya breki. Na usiushikilie usukani mwisho wa kona kwa muda mrefu, unaitesa pampu.

4. Usukani ukiwa mzito safarini, ushike kwa mikono miwili, punguza mwendo, washa taa ya pembeni, simama mahali salama. Usizime injini gari likiwa linakwenda, kwani breki nazo zitakuwa nzito, na ukichomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga.

5. Anza na betri na waya wa ethi kabla ya kununua kifaa chochote.

6. Iandike namba ya chesisi, na muulize fundi au wakala kama magari ya namba hizo yaliwahi kuitwa na kiwanda.

7. Andikeni mapatano na muweke mashahidi, hata kama muuzaji ni rafiki. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote, inazungumza habari ya kuandikiana deni na kushuhudisha katika kuuziana. Kuandikiana hakuna maana ya kutoaminiana. Kunalinda urafiki siku kumbukumbu zikitofautiana.

8. Na ukiuza wewe, taja kasoro uijuayo kabla hujaulizwa. Bei itapungua, lakini utalala.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atulinde safarini sisi na watoto wetu, awalipe mafundi wetu, muuzaji wetu na shehe wetu, na amsamehe aliyeikata ile tepu, popote alipo, na amwongoze asikate nyingine.

Wallaahu a'lam. Wabillaahi tawfiiq.

Wasalaam alaykum.